Mbio Ndefu, Matangazo na Pesa za Wadhamini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wa aina tatu: mashabiki wanaoshangaa mbona bingwa wa marathoni hajulikani kama mshambuliaji wa mpira, wakimbiaji wanaokaribia kusaini mkataba wao wa kwanza, na ndugu zao wanaodhani kila nembo kifuani ni pesa nyingi. Majibu hayalingani urefu, kwa sababu mambo yenyewe hayalingani uzito.

Mdhamini ananunua nini hasa kwa mkimbiaji?

Ananunua kuonekana. Kasi peke yake haiuziki. Kampuni ya viatu inataka kiatu chake kiwe miguuni mwa anayeongoza kwa saa mbili mfululizo, mbele ya kamera, huku wanaotazama wengi wao wakiwa ni watu wanaokimbia wenyewe. Hapo ndipo mbio zinapotofautiana na michezo mingine: anayetazama mechi ya mpira si lazima acheze, lakini anayeamka alfajiri kutazama marathoni ya nchi ya mbali kuna uwezekano mkubwa kwamba naye ana mbio yake mwezi ujao, na kiatu anachokiona anaweza kukivaa yeye.

Benki, kampuni ya bima au ya magari inanunua kitu kingine kabisa. Haiuzi viatu. Inataka sifa zinazohusishwa na mbio ndefu, yaani uvumilivu, nidhamu na kutokukata tamaa, zihamie kwenye jina lake. Kwa hiyo mkimbiaji mmoja anaweza kuwa na wateja wawili wenye haja tofauti: mmoja anajali nafasi aliyomaliza, mwingine anajali anavyozungumza na anavyoishi. Wengi wanaoanza hudhani ushindi unatosha kuwaridhisha wote wawili. Hautoshi.

Mbona wakimbiaji wa mbio ndefu hawaonekani kwenye matangazo kama wanasoka?

Sababu ya kwanza ni kalenda. Mwanasoka yuko kwenye runinga kila wiki, ilhali mkimbiaji wa marathoni hushindana mara mbili kwa mwaka, pengine tatu, na akiumia mara moja nusu ya mwaka imepotea. Ya pili ni kwamba mashabiki wengi hufuata shindano kuliko mtu. Wanaijua Boston, wanaijua Berlin, ila aliyeshinda mwaka juzi wamemsahau. Ya tatu ni lugha: watengenezaji matangazo wanataka mtu azungumze, na mabingwa wengi wa mbio hizi wanatoka mahali ambapo lugha ya soko kubwa la viatu si lugha ya nyumbani.

Ningeongeza ya nne, nayo ni uvivu wa wabunifu wenyewe. Tazama matangazo mengi ya mbio: kivuli cha mtu kikikimbia jua linapochomoza, sura haionekani. Angeweza kuwa yeyote. Kampuni iliyomlipa bingwa kisha ikamficha gizani imetupa pesa.

Eliud Kipchoge amevunja kawaida hiyo. Medali mbili za dhahabu za marathoni ya Olimpiki, ya Rio 2016 na ya michezo ya Tokyo iliyofanyika 2021, na rekodi mbili za dunia alizoweka Berlin, 2:01:39 mwaka 2018 na 2:01:09 mwaka 2022, zilimfungulia mlango. Lakini wapo wenye medali ambao hawakuwahi kuitwa na kampuni ya magari. Kilichomfanya Isuzu wamchukue kuwa balozi wao ni kwamba akifungua kinywa ana la kusema, na maisha yake kambini yanafanana na maneno yake.

Ni kweli kwamba zamani kulipwa kulikuwa kosa?

Kweli kabisa, na waliochapwa na sheria hiyo walikuwa wakubwa wa zama zao. Paavo Nurmi wa Finland alikuwa na medali tisa za dhahabu za Olimpiki alipofungiwa mwaka 1932, muda mfupi kabla ya michezo ya Los Angeles ambako alitaka kukimbia marathoni. Kosa lake: alituhumiwa kupokea posho kubwa kupita kiasi katika mbio za Ujerumani. Gunder Hägg wa Sweden, mtu wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14, alifungiwa maisha mwaka 1946 pamoja na mpinzani wake Arne Andersson kwa sababu kama hiyohiyo.

Pesa hazikukoma kwa kukatazwa. Zilihamia chini ya meza. Watayarishaji wa mbio walitoa "nauli" iliyozidi nauli, na kampuni za viatu zilitoa bahasha. Kiatu chenyewe ndicho kilichokuwa tangazo halali. Abebe Bikila wa Ethiopia alishinda marathoni ya Roma 1960 bila viatu, na mwaka uliofuata Kihachiro Onitsuka, mwenye kampuni ya viatu ya Japani, alimshawishi avae viatu vyake kwenye marathoni ya Mainichi huko Osaka. Alivivaa, akashinda.

Kisha kuna Lasse Virén, naye wa Finland. Alipomaliza kushinda mita 10,000 huko Montreal 1976, alivua viatu vyake vya Onitsuka Tiger akazunguka uwanja akivipunga mkononi. Wakuu wa Olimpiki wakahoji: hilo si tangazo? Yeye akasema ana lengelenge mguuni. Aliachiwa kukimbia mita 5,000, akashinda tena. Kila msomaji aamini anachotaka kuhusu lengelenge lile. Ninachojua ni kwamba Septemba 2023, Tigst Assefa alipovunja rekodi ya dunia ya wanawake huko Berlin kwa 2:11:53, aliinua kiatu chake cha Adidas mbele ya kamera na hakuna aliyeulizwa kitu. Kiatu kile, chenye uzito wa gramu 138, kilikuwa kikiuzwa dola 500.

Mlango rasmi ulifunguliwa mwaka 1982, shirikisho la riadha la dunia lilipokubali wanariadha wawekewe malipo katika mifuko maalumu iliyosimamiwa na mashirikisho ya nchi zao. Boston, marathoni kongwe kuliko zote zinazofanyika kila mwaka, iliendelea kukataa zawadi za pesa hadi ilipoona mabingwa wanaihama. Mwaka 1986 kampuni ya bima ya John Hancock iliingia na pesa zake, na Rob de Castella wa Australia akawa mshindi wa kwanza wa kiume kulipwa pale. Shirikisho lenyewe liliendelea kubeba neno la "ridhaa" katika jina lake hadi 2001, karibu miaka ishirini baada ya pesa kuingia.

Mkataba wa kampuni ya viatu una nini ndani?

Hili ndilo swali la kusomwa polepole.

Mkataba wa kawaida una malipo ya msingi ya mwaka, ambayo hulipwa kwa awamu, na juu yake bonasi: ya kushinda mbio fulani zilizotajwa kwa majina, ya kuingia tatu bora, ya rekodi, ya kufika michezo mikubwa. Una viatu na mavazi. Una idadi ya siku ambazo kampuni inaweza kukuita kupiga picha, kurekodi tangazo au kuhudhuria hafla, na siku hizi pia idadi ya mara utakazoweka chapa yao kwenye mitandao yako ya kijamii. Una sharti la upekee: hutavaa wala kusifu bidhaa ya mshindani. Na una kifungu cha siri, ambacho kinafanya mkimbiaji asijue mwenzake analipwa kiasi gani. Kifungu hicho kinaisaidia kampuni kuliko mtu mwingine yeyote.

Upande ambao watu hawausomi ni wa kupunguziwa malipo. Mikataba mingi inasema malipo ya msingi yatakatwa kwa asilimia fulani ikiwa hukukimbia idadi fulani ya mbio, au hukuingia kumi bora ya dunia, au hukufikia muda fulani. Kwa mkimbiaji wa mbio ndefu kifungu hiki ni kikali zaidi, maana jeraha moja la mfupa wa mguu linakula msimu mzima. Unasaini ukiona tarakimu moja, unaishi na nyingine.

Kuna pia haki ya kampuni kuongeza mwaka ikitaka yenyewe, na haki ya kulinganisha ofa. Ya pili ilijulikana hadharani mwaka 2016 kupitia kesi ya Boris Berian, mkimbiaji wa mita 800 wa Marekani. Mkataba wake na Nike ulikuwa umekwisha, New Balance ikaja na ofa ya dola 125,000 kwa mwaka. Nike ikasema ina haki ya kumbakiza kwa kulinganisha ofa hiyo, ikamshtaki. Ubishi ulikuwa hapa: ofa ya New Balance haikuwa na vifungu vya kupunguza malipo. Je, kiasi kilekile chenye makato ni ofa ileile? Nike iliondoa kesi Juni mwaka huohuo, kwa hiyo mahakama haikutoa jibu la mwisho, lakini kila mkimbiaji aliyefuatilia alijifunza kuuliza swali hilo kabla hajashika kalamu.

Wakala huchukua kiasi gani?

Desturi katika riadha ni asilimia 15 ya zawadi, ada za mwaliko na udhamini. Shirikisho la dunia lina utaratibu wa kuwaidhinisha mawakala, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuhakikisha jina la wakala wako limo kwenye orodha hiyo. Kumbuka kodi nayo: nchi inakofanyika mbio mara nyingi hukata kodi ya zawadi kabla hujaiona, na wakala anapaswa kukuonyesha hati ya makato hayo ili usilipishwe mara mbili nyumbani.

Mkimbiaji akipata mimba, mkataba unakuwaje?

Hadi 2019 jibu la kweli lilikuwa: soma vifungu vya kupunguza, kwa sababu ujauzito ulihesabiwa kama kutoshindana. Mei mwaka huo Alysia Montaño, aliyewahi kushindana mita 800 akiwa mjamzito, alizungumza hadharani. Kara Goucher, mkimbiaji wa marathoni, alieleza kwamba malipo yake yalisimamishwa hadi atakaporudi kushindana. Allyson Felix, mkimbiaji wa mbio fupi, akafuata na simulizi yake ya kuomba ulinzi wa maandishi asipewe. Wote watatu waliwahi kuwa na Nike. Agosti 2019 Nike ilitangaza kwamba kwa miezi 18 inayozunguka ujauzito haitapunguza malipo kwa sababu ya matokeo, na kampuni nyingine nazo zikaandika vifungu vya uzazi.

Angalia kilichobadilisha mambo. Barua za mawakala hazikuweza, shirikisho halikuweza. Kampuni iliyokuwa ikirusha matangazo ya kuwasifu wanawake wanaothubutu ilibanwa na matangazo yake yenyewe. Ni mara chache mwanariadha hupata nafasi ya kumshika mdhamini kwa maneno aliyoyalipia.

Hata hivyo, "sera ya kampuni" si mkataba wako. Kifungu kiwe ndani ya karatasi unayosaini.

Mkimbiaji aliyedhaminiwa anaweza kuvaa kiatu chochote?

Kimkataba, hapana. Kisheria, kiatu lazima kiwe kwenye orodha iliyoidhinishwa na shirikisho la riadha la dunia. Tangu Januari 2020 soli ya kiatu cha mbio za barabarani haitakiwi kuzidi milimita 40, na ndani yake kuwe na bamba gumu moja tu. Viatu vya majaribio vinaruhusiwa kwa muda maalumu, lakini si kwenye Olimpiki wala mashindano ya dunia.

Sheria hizo zilizaliwa na ushindani wa kampuni. Nike ilikuja na Vaporfly yenye povu jepesi na bamba la kaboni, na wote watatu waliopata medali za marathoni ya wanaume Rio 2016 walikuwa wamevaa matoleo ya majaribio ambayo umma haukuyajua. Kwa miaka michache iliyofuata wakimbiaji wa kampuni nyingine walijikuta njia panda: wavae kiatu cha mdhamini wapoteze dakika, au wavae cha mshindani wapoteze mkataba? Wapo waliopaka rangi nyeusi kuficha nembo.

Kiatu cha majaribio kinaweza pia kumuumbua mwenyewe. Berlin 2015 soli za ndani za viatu vya Kipchoge zilichomoka mapema, zikawa zinapepea pembeni ya vifundo vya miguu yake mbio nzima. Alishinda kwa 2:04:00 huku damu ikimtoka miguuni, na picha zile si tangazo ambalo kampuni yoyote ingelichagua. Derara Hurisa wa Ethiopia hakuwa na bahati hiyo. Vienna, Septemba 2021, alivuka utepe wa kwanza, kisha akaondolewa kwenye matokeo kwa sababu soli ya kiatu chake cha Adidas ilikuwa sentimita tano badala ya nne. Ushindi ukaenda kwa Leonard Langat aliyekuwa sekunde tatu nyuma yake. Kiatu kile kilikuwa cha mazoezi, si halali kwa mashindano. Aliyepoteza ni mkimbiaji, aliyekitengeneza hakupoteza kitu.

Kwa nini mbio hubeba jina la benki, bima au kampuni ya kompyuta?

Kwa sababu mdhamini wa mbio hawatazami sana wale kumi walio mbele. Anawatazama maelfu walio nyuma. London ya 2025 ilimaliziwa na watu zaidi ya 56,000, na waliojaribu bahati nasibu ya nafasi za 2026 walizidi milioni moja na laki moja. Kila mmoja ameacha jina, umri na anwani ya barua pepe. Kila mmoja atapita kwenye maonyesho ya kuchukua namba ya kifuani, ambako vibanda vya wadhamini vimepangwa ili asiweze kuvikwepa. Atapigwa picha akiwa na jina la kampuni kifuani, na picha hiyo ataiweka ukutani miaka yote. Ni tangazo ambalo mteja amelipia ada ili alivae.

Orodha ya wadhamini wa London inasimulia historia ya biashara yenyewe: Gillette mwaka 1981, kisha Mars, ADT, NutraSweet, majarini ya Flora kuanzia 1996 hadi 2009, Virgin kuanzia 2010, na tangu 2022 kampuni ya teknolojia ya TCS ya India. Kutoka nyembe na chokoleti hadi programu za kompyuta. New York ilikuwa na ING kisha ikahamia TCS hiyohiyo mwaka 2014. Chicago ni ya Bank of America tangu 2008, na Boston, baada ya kuwa na John Hancock tangu 1986, ilimpokea Bank of America mwaka 2024. Abbott, kampuni ya vifaa tiba, imelipia jina juu ya mfululizo mzima wa marathoni kubwa.

Mkimbiaji wa mbele anafaidika vipi? Ada ya mwaliko na zawadi zinatoka kwenye mfuko huo. Mdhamini akiondoka, kinachokatwa kwanza ni bajeti ya mabingwa, si ya maji barabarani.

Mdhamini anaweza kubadili mchezo wenyewe?

Anaweza, kwa wema na kwa ubaya.

Kwa wema, sidhani kuna mfano unaoshinda ule wa Avon. Kathrine Switzer, aliyekimbia Boston 1967 na msimamizi akajaribu kumng'oa namba kwa kuwa ni mwanamke, baadaye aliishawishi kampuni hiyo ya vipodozi idhamini mbio za wanawake duniani. Marathoni yake ya kimataifa ya kwanza ilifanyika Atlanta 1978, na ya 1980 ilifungiwa mitaa ya London. Mbio hizo zilionyesha kwamba wanawake wa nchi nyingi wanakimbia marathoni na hawadondoki kama walivyodai wakubwa. Mwaka 1981 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikubali kuwe na marathoni ya wanawake, na 1984 Joan Benoit akawa bingwa wa kwanza. Kampuni ya rangi za midomo ilifanya kazi ambayo viongozi wa michezo walikuwa wameikwepa miaka mingi.

Kuna kundi la katikati: mbio zinazotengenezwa na mdhamini tangu mwanzo. Mei 2017 Nike ilikodi uwanja wa magari wa Monza, Kipchoge akakimbia 2:00:25, na miezi miwili baadaye kiatu kikaingia sokoni. Oktoba 2019 kampuni ya kemikali ya INEOS ililipia jaribio la Vienna, ambako wawekaji kasi 41 walipokezana mbele na nyuma yake akamaliza kwa 1:59:40. Juni 2025 Faith Kipyegon alijaribu maili moja chini ya dakika nne jijini Paris, tena kwa mipango ya Nike, akapata 4:06 na ushee. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyoingia kwenye vitabu vya rekodi. Wapo wanaoziita matangazo marefu, nami sibishi, ila naongeza kwamba ni matangazo ambayo mkimbiaji ndiye habari yenyewe, na hilo ni nadra.

Kwa ubaya, kumbuka Nike Oregon Project, kambi iliyoanzishwa 2001. Kocha wake, Alberto Salazar, alifungiwa miaka minne mwaka 2019 kwa makosa ya kanuni za dawa, na kampuni ikaifunga kambi muda mfupi baadaye. Mdhamini anapomlipa kocha, daktari na mkimbiaji kwa pamoja, mkimbiaji hana mtu wa nje wa kumuuliza.

Nimesikia Japani wakimbiaji ni waajiriwa wa kampuni. Inakuwaje?

Ndivyo. Kampuni kubwa zina timu za mbio ndefu, na mkimbiaji huajiriwa kama mfanyakazi mwingine: mshahara, nyumba, kocha, na wakati mwingine kazi ya ofisini asubuhi. Kilele cha mwaka ni mbio za kupokezana za Januari mosi, zinazorushwa moja kwa moja huku familia zikiwa nyumbani kwa mapumziko. Jina la kampuni ndilo jina la timu, kwa hiyo mtangazaji hana namna ya kulikwepa.

Wakenya kadhaa walikulia huko. Douglas Wakiihuri alikuwa wa timu ya S&B, watengeneza viungo vya chakula, alipokuwa bingwa wa dunia wa marathoni Roma 1987. Samuel Wanjiru alipitia Toyota Kyushu kabla ya dhahabu yake ya Beijing 2008. Faida ya mfumo huu ni mshahara unaoingia hata ukiumia. Hasara ni kwamba kampuni inakupangia mbio inazozihitaji yenyewe, na mbio za kupokezana si lazima zikuandae kwa marathoni ya majira ya kuchipua.

Kwenye Olimpiki mbona nembo hupotea ghafla?

Kwa sababu kamati ya Olimpiki inauza upekee kwa wadhamini wake. Ndani ya viwanja huruhusiwi matangazo zaidi ya alama ndogo ya mtengenezaji wa vazi, na sare ya timu inatoka kwa mdhamini wa nchi, hata kama wako ni mpinzani wake. Viatu pekee hubaki vya kwako. Kulikuwa pia na marufuku kali ya mdhamini wako binafsi kukutaja wakati wa michezo, ambayo ililegezwa mwaka 2019, hasa baada ya mamlaka ya ushindani ya Ujerumani kuingilia kati.

Nick Symmonds, mkimbiaji wa mita 800 wa Marekani, aliwahi kuukejeli utaratibu huu vizuri. Mwaka 2012 alipiga mnada bega lake kwa mchoro wa tangazo, akapata dola 11,100 kutoka wakala mmoja wa matangazo, kisha akawa anaufunika kwa plasta kila anaposhindana. Plasta ikawa habari kuliko mchoro.

Na hapana, kamati ya Olimpiki haimlipi bingwa. Zile dola 50,000 za kila bingwa wa riadha Paris 2024 zilitoka kwa shirikisho la riadha la dunia.

Mkimbiaji akikutwa na dawa zilizopigwa marufuku?

Mkataba huvunjwa, na mara nyingi kampuni ina haki ya kudai bonasi irudishwe. Mwaka 2025 Sabastian Sawe, mkimbiaji wa marathoni wa Kenya, aliigeuza hali hiyo: aliomba apimwe mara nyingi zaidi kabla ya Berlin, na Adidas ikatoa pesa za vipimo hivyo kupitia kitengo cha uadilifu wa riadha. Kwa maoni yangu hiyo ni pesa ya udhamini iliyotumika vizuri kuliko mabango mia.

Mimi si bingwa. Naweza kupata mdhamini?

Unaweza, ukijua una nini cha kuuza. Nike haikuongeza mkataba wa Meb Keflezighi, mkimbiaji wa marathoni wa Marekani, ulipokwisha 2011. Umri ulikuwa unamtupa mkono. Skechers, kampuni iliyojulikana kwa viatu vya kutembelea, ilimchukua. Mwaka 2014, mwaka mmoja baada ya mabomu kulipuka kwenye marathoni ya Boston, alishinda mbio hizo akikaribia miaka 39. Yuki Kawauchi wa Japani alikuwa karani wa shule, akikimbia bila timu ya kampuni, aliposhinda Boston 2018; mwaka uliofuata kampuni ya bima ikamdhamini. Wote wawili walikuwa na hadithi kabla ya kuwa na mkataba.

Jihadhari na "ubalozi" unaokupa punguzo la bei tu. Ukinunua kiatu kwa bei pungufu kisha ukatakiwa kukitangaza kila wiki, wewe ni mteja anayefanya kazi bure. Kama unakipenda kiatu, sawa. Usiuite udhamini.

Nikatae mdhamini wa pombe au mafuta?

Kila mtu na dhamiri yake, lakini angalia mambo mawili ya kawaida. Sheria za nchi unazoshindana zinaweza kuzuia nembo ya pombe kifuani, na mdhamini wa leo anaweza kumfukuza wa kesho: kampuni ya bima ya afya haitaki kukaa pamoja na bia.

Kampuni imetumia picha yangu bila ruhusa. Nifanye nini?

Kwanza piga picha ya tangazo hilo na uhifadhi tarehe na mahali ulipoliona, kabla halijaondolewa. Pili, soma fomu uliyosaini ulipojiandikisha kwenye mbio. Nyingi zina mstari unaowaruhusu watayarishaji na wadhamini wao kutumia picha zako za siku ile. Ruhusa hiyo kwa kawaida ni ya kutangaza mbio zenyewe. Ikiwa picha inauza dawa ya misuli au mkopo wa benki, hilo ni jambo jingine, na hapo wakala au wakili aandike barua ya kudai malipo, si ya kuomba picha iondolewe tu. Ukiwa na mkataba wa kiatu, mjulishe mdhamini wako siku hiyohiyo, maana picha hiyo inaweza kuonekana kwake kama umevunja sharti la upekee.